Usipande Newala

Ilianza kwa masizi.
Siku ya mnada wa tatu, nimesimama kwenye mizani ya chama,
nikaona masizi yakidondoka juu ya daftari.
Nikapangusa ukurasa. Nikapangusa miwani.
Nikamgombeza Nachundu kwa kuchoma takataka upande wa upepo;
Nachundu hakuwa amechoma kitu.
Usiku, cheche pembeni mwa jicho la kulia.
Kulipokucha pazia lilikuwa limeshuka nusu dirisha,
jeusi, na hakuna kamba ya kulivutia juu.

Daktari wa Mtwara ni binti, mdogo kwa kitindamimba wangu.
Akauliza kazi yangu. Karani, nikasema, wa korosho.
"Basi unaijua ile ngozi ya ndani, nyembamba,
inayobanduka korosho ikishakaangwa?
Nyuma ya jicho lako ipo kama hiyo, imebanduka.
Nyinyi huwa mnaitupa. Sisi hii tunairudisha."

Walichoma ganzi. Nikabaki macho
(Kiswahili nacho! jicho limelala, mwenyewe niko macho),
nikaiona sindano kutoka upande ambao sindano haionwi:
kutoka ndani.
Kivuli chembamba kinatembea kwenye maji yangu
kama mtu anayepapasa ufunguo gizani.
Ute ukanyonywa. Mwanga wa kijani ukapiga lehemu,
nukta, nukta, nukta,
mwisho wakapuliza hewa yao,
kipovu kimoja, kikae pale kuigandamiza ngozi ukutani.

"Siku kumi uso chini. Kula, kulala, uso chini.
Na usipande Newala.
Kipovu kikipanda mlima na wewe kitavimba,
na jicho halina pa kukimbilia."

Basi msimu ukaanza kunipita nikiwa Chikongola, kwa dada yangu Asumini,
kifudifudi kwenye kitanda cha kamba,
kamba mbili zimetanuliwa, uso umepita.
Dunia: sakafu ya saruji na miguu.
Asumini ana kidole kisicho na kucha. Miaka hamsini, sikujua.
Mjukuu wake Shaweji akawa analala chali uvunguni
ili tuongee ana kwa ana;
mate yangu yakimdondokea, anacheka.

Siku ya saba ikaja miguu ya katambuga,
vumbi jekundu la juu, visigino vina nyufa za kuingiza shilingi.
Nikajua ni Newala kabla ya sauti.
"Mimi Somoe Namkuna. Nimekuletea mihogo."
Miaka kumi na moja nimempimia korosho.
Nilikuwa naujua mshale tu. Sitini na tatu na nusu,
naandika sitini na tatu. Nusu ni unyaufu,
ndivyo tulivyoelewana ofisini,
na unyaufu wetu ulikuwa na mifuko.

"Unaona nini huko chini, karani?"
"Miguu."
"Yangu ikoje?"
Nilinyamaza mpaka Shaweji akajibu kutoka uvunguni:
"Imepasuka."
Somoe akacheka, akaketi.
Kilichodondoka sakafuni nilisema ni dawa ya matone.

Kipovu kikapungua. Kwanza jicho zima,
halafu mstari unaocheza kama pima maji ya fundi mwashi,
halafu korosho, halafu choroko,
halafu asubuhi moja nikipiga mswaki nikakitafuta, hakipo.

Nikapanda Newala.
Masikio yaliziba mlimani; jicho halikusema neno.
Mabibo ya mwisho yalikuwa yanaozea chini,
niliyanusa tangu stendi.

Yule binti alishaniambia: si kila kilichonyooka kitarudi kunyooka.
Kweli, mistari ya daftari ina wimbi dogo katikati,
na mshale wa mizani unajipinda kidogo,
kama mtu anayeinama kukunong'oneza.
Nafumba jicho moja. Nafumbua. Nasubiri utulie.
Foleni inaguna, karani siku hizi mzito.
Sitini na tatu.
Na nusu.